Uwakala wangu Uingereza umekatwa kwa baruapepe ya mistari miwili. Nifanyeje?

Mtanga_Leicester: Wakuu, nisaidieni, siku ya tatu leo sijalala. Kwa miaka sita nimekuwa wakala wa kiwanda kimoja cha mashuka na mapazia hapa Uingereza. Mzigo si wangu. Nazunguka madukani na sanduku la sampuli, nachukua oda kwa jina lao, wao wanapeleka na kulipwa, mimi napata kamisheni ya asilimia 8. Nilianza na maduka 11, leo ni 43. Tarehe 12 Machi wakaandika kwamba mwisho wa mwezi huu tunaachana. Juzi mteja wangu wa Nottingham kanipigia kuuliza huyu kijana mpya aliyekuja na sampuli zilezile ni nani. Meneja anasema makubaliano yalikuwa ya mdomo, kwa hiyo sidai chochote. Wamenitumia karatasi: nisaini, nichukue pauni 1,500, yaishe.

Bi_Mwanaisha: Pole sana kaka. Hiyo karatasi usiisaini! Kuna Kanuni za Mawakala wa Biashara za 1993, na mkataba wa mdomo unalindwa vilevile. Ukishafika mwaka wa tatu unastahili notisi ya miezi mitatu, tena iishie mwisho wa mwezi wa kalenda. Kwa hiyo yako ni hadi mwisho wa Juni.

Mtanga_Leicester: Dada, asante. Na hao wateja 43 niliowatafuta kwa miguu yangu?

Bi_Mwanaisha: Hapo ndipo penye fidia, na ni mbali na notisi. Ila usitegemee hesabu ya mahakama za Ufaransa, ya kulipwa kamisheni ya miaka miwili. Katika kesi ya Lonsdale, mwaka 2007, wakala wa viatu alidai hivyo akaishia na pauni 5,000, kwa sababu mahakama iliuliza uwakala wake ungeuzwa kwa bei gani siku ulipokatwa, na biashara ile ilikuwa inadidimia. Yako inakua. Tafuta mhasibu aithamini.

Kaka_Mkubwa: Swali moja, mdogo wangu, ujibu kweli. Uliwahi kuwauzia washindani wao kwa siri, au kula hela ya mteja? Wakithibitisha kosa zito, na kwamba ndilo walilokukatia mkataba, fidia inapotea.

Mtanga_Leicester: Hata siku moja, mkubwa.

Kaka_Mkubwa: Basi waandikie wiki hii kwamba utadai fidia. Una mwaka mmoja tu tangu uwakala uishe, ukipita bila kuwaarifu haki imekwenda. Omba pia taarifa ya kamisheni na dondoo za vitabu vyao. Ni haki yako. Oda zitakazoingia muda mfupi baada ya kuondoka kwako, kama zimetokana hasa na kazi yako, nazo zina kamisheni. Kisha nenda kwa wakili anayezijua kanuni hizi.

Mtanga_Leicester: Nimepekua stoo usiku huu. Vitabu vya oda vyote vipo, hata cha mwaka wa kwanza chenye yale maduka 11, kimelowa chai pembeni lakini kinasomeka. Barua naipeleka posta kesho asubuhi, kwa rejista.