Safu ya sayansi ya kwenda kinyume na wengi gazetini: inaanzwaje, na hukwama wapi?

MwalimuRaskazone (Tanga)

Habari zenu wakuu. Gazeti moja la Kiswahili la kila wiki limenipa nafasi ya safu ya sayansi, maneno 650, kuanzia mwezi ujao. Mhariri anataka safu yenye msimamo mkali: nichukue jambo ambalo kila mtu analiamini, au linalosemwa na wataalamu kila siku, nilihoji mpaka mzizi wake. Kazi naitaka sana, ila naona hatari iliyopo. Mtu anayelipwa ili apinge, siku akikosa cha kupinga atakitunga.

Naomba wanaoijua kazi hii wanieleze mada huchaguliwaje, nini kisomwe kabla ya kuandika, na waliotangulia walidumu au kuanguka kwa sababu gani. Mada tatu nilizoziweka pembeni zote ni za kwetu: maji ya moto kuganda kabla ya ya baridi (Erasto Mpemba aliliona jambo hili 1963 akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, Lushoto), chanjo ya malaria ya RTS,S iliyojaribiwa Korogwe na Bagamoyo, na silikanti wa Tanga, yule samaki wa kina kirefu anayesemwa ni wa enzi za kale.

KalamuYaPangani

Mkuu, kwanza ondoa wazo kwamba kudumu gazetini ni ushahidi wa kuwa sahihi. Christopher Booker alikuwa na safu Sunday Telegraph ya Uingereza kuanzia 1990 hadi 2019, mwaka aliofariki. Alisomea historia, si sayansi, na hilo peke yake si kosa. Tatizo lilikuwa namna alivyojenga hoja. Chukua asbesto nyeupe. Aliandika kwamba kikemia ni sawa na unga wa talki, kwa hiyo hofu yote ni ya bure. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza ikamjibu, naye akaendelea kurudia.

Angalia kosa lilipojificha, maana ndilo litakalokunyemelea na wewe. Asbesto nyeupe, yaani krisotili, na talki zote ni silikati za magnesiamu. Hapo kuna chembe ya ukweli. Lakini fomula si ile ile, na kubwa zaidi ni umbo: talki hukaa vibapa vibapa, krisotili hujiviringa ikawa nyuzi nyembamba ambazo mtu akizivuta huingia ndani kabisa ya pafu na kubaki humo. Madhara yanatokana na nyuzi hizo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka aina zote za asbesto, nyeupe ikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Msomaji mwenye paa la zamani la asbesto, anayetaka kulikata kwa msumeno, akisoma kwamba ni kama poda ya mtoto atalikata bila kulilowesha na bila barakoa. Hapo ndipo safu inapomgusa mtu.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Kati ya 1992 na 1994, Neville Hodgkinson, mwandishi wa sayansi wa Sunday Times ya Uingereza, aliandika mfululizo wa habari za kutilia shaka kwamba VVU ndivyo vinavyosababisha UKIMWI, na kwamba janga la Afrika limekuzwa. Kagera yetu ikatumiwa kama ushahidi, wakati wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa huko huko 1983. Jarida la Nature lilimpinga waziwazi. Mwaka 1994 zikachapishwa takwimu za vijiji vya Masaka, Uganda, jirani kabisa na Kagera: watu wa vijiji vile vile, waliopimwa na kufuatiliwa miaka miwili, wenye virusi walikufa kwa kiwango cha juu mara nyingi kuliko wasio na virusi. Data ya namna hiyo ikitoka, mwandishi mkweli husimama na kusema, "Hili linanipinga." Ukiona hoja yako kila ikipata data mpya inatafuta mlango mwingine wa kutokea, ujue imekufa.

Ben Goldacre, mwandishi wa safu ya gazeti la Guardian la Uingereza (2003 hadi 2011), naye alikuwa mpingaji, tena mkali. Ila yeye alichagua dai dogo linalopimika: dawa fulani inasemekana inafanya kazi, je, jaribio lilikuwa na kundi la ulinganisho? Waliogawiwa walipangwa kwa bahati nasibu? Matokeo yote yalichapishwa au mazuri tu? Msomaji yeyote angeweza kurudia hatua zake.

Kwa hiyo kanuni ya kuchagua mada ni hii, na mimi naishikilia kwa nguvu: kabla hujaandika neno la kwanza, andika kwenye karatasi matokeo gani yakitokea utakubali umekosea. Ukishindwa kuyaandika, iache mada hiyo.

Takwimu_Dunda (Bagamoyo)

Nije kwenye chanjo, maana hapa waandishi wengi huteleza kwenye namba moja.

Jaribio la awamu ya tatu la RTS,S lilikuwa na watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na vituo viwili vya Tanzania ndivyo hivyo ulivyovitaja. Matokeo ya mwisho yalitoka 2015. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4 (tatu kwa mwezi mmoja mmoja, ya nne mwezi wa 20) walipungukiwa na malaria kwa asilimia 36 katika muda wa takriban miaka 4. Walioishia dozi 3, asilimia 28. Wachanga walioanza na wiki 6 hadi 12, chini zaidi hata kwa dozi 4: asilimia 26.

Mpingaji wa haraka ataandika "chanjo imefeli, asilimia 64 hawakukingwa." Sentensi hiyo ni mbovu kihesabu. Asilimia 36 haimaanishi watoto 36 katika 100 walikingwa na 64 wakaachwa. Inamaanisha idadi ya vipindi vya ugonjwa ilipungua kwa kiasi hicho ukilinganisha na kundi ambalo halikupata chanjo ya malaria. Na mtoto wa eneo lenye malaria nyingi huugua mara kadhaa kwa mwaka. Ndiyo maana ripoti ile ile inasema kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi 4 ziliepukwa wastani wa homa za malaria 1,774. Namba imezidi idadi ya watoto, na si kosa la chapa.

Sasa, je, hakuna cha kuhoji? Kipo, tena kizito. Katika kundi hilo la miezi 5 hadi 17, homa ya uti wa mgongo ilionekana kwa watoto 21 waliochanjwa (11 wa dozi 4 na 10 wa dozi 3) na mmoja tu kwenye kundi la ulinganisho. Kumbuka waliochanjwa walikuwa takriban mara mbili ya wenzao, hivyo tofauti halisi ni kama mara 10, si 21. Wagonjwa ni wachache, huenda ni bahati mbaya ya namba, huenda si bahati. Mwandishi wa safu mwenye moyo angeuliza hilo hadharani 2015, akaeleza jaribio gani lingeamua, halafu akarudi nalo. Jibu lilipatikana: Ghana, Kenya na Malawi zilianza kuchanja kwa majaribio 2019 kwa watoto wengi zaidi, wakafuatiliwa makusudi kwa ajili hiyo, na ongezeko lile halikuonekana. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo. Andika historia hiyo nzima na utakuwa umehoji kwa haki bila kumtisha mzazi aliyeko foleni ya kliniki.

Namna ya kusoma ripoti: usianze na muhtasari. Nenda kwenye mbinu, uone waliokuwa kundi la ulinganisho walipewa nini (hapa watoto wakubwa walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa). Kisha majedwali, uandike namba ghafi pembeni. Kisha tafuta namba ya usajili wa jaribio, ufungue rejista, ulinganishe kilichoahidiwa kupimwa na kilichoripotiwa. Muhtasari uje mwisho. Na gazetini usiweke asilimia peke yake: hatari ikishuka kutoka watu 2 katika 1,000 hadi mtu 1, ni "asilimia 50" na pia ni mtu mmoja katika elfu. Mpe msomaji zote mbili.

MwalimuRaskazone

Nashukuru sana wakuu. Takwimu_Dunda, ile 1,774 naibandika ukutani. Kuhusu Mpemba, nafikiria kufanya jaribio na wanafunzi ili safu ya kwanza iwe na namba zetu wenyewe. Friji la shule ni la kawaida, lenye sehemu ya kugandishia juu. Nini huharibika?

MaabaraMuheza

Hapo mwalimu umegusa penyewe. Karibu kila kitu huharibika, na ndiyo utamu wa mada hii.

Anza na tafsiri ya "kuganda." Kufika nyuzi 0, kuonekana barafu ya kwanza, na kuganda mpaka katikati ni mambo matatu, na kila moja lina mshindi wake. Chagua moja kabla, liandike.

Vyombo viwili vinavyofanana kabisa, mililita 100 kila kimoja, kimoja nyuzi 35 na kingine 80. Vipime kwa mizani kabla na baada, maana maji ya moto hupotea kwa mvuke, na maji machache huganda mapema. Usiviweke juu ya theluji ya friji: chombo cha moto huiyeyusha chini yake kikakaa moja kwa moja kwenye chuma baridi, cha baridi kikabaki juu ya theluji inayozuia joto. Weka kipande cha styrofoam chini ya vyote viwili. Badilisha nafasi kila raundi, nyuma kwenda mbele, kwa sababu upande wa mbele hupata hewa ya mlango. Usifungue mlango kuchungulia. Pitisha waya wa kipimajoto pembeni ya mpira wa mlango.

Kisha kimo cha kipimajoto. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha utafiti kwenye jarida la Scientific Reports wakionyesha kwamba kipimajoto kikitofautiana sentimita moja tu kwa kimo kati ya vyombo viwili, kinatosha kuzalisha "ushindi" wa maji ya moto ambao haupo. Wao hawakupata ushahidi wa maana wa jambo lenyewe. Wengine bado wanabishana nao. Kwa hiyo tumia rula, funga kipimajoto kwenye kijiti, kimo kile kile. Raundi zisipungue 10, na uchapishe zote.

Naomba pia usimgeuze Mpemba kuwa kibonzo, ama shujaa aliyewashinda wazungu ama kijana aliyekosea. Alikuwa akitengeneza aiskrimu, akaweka mchanganyiko wa maziwa ungali moto, ukaganda kabla ya wa wenzake. Wauza aiskrimu wa Tanga mjini walikuwa tayari wakitumia njia hiyo. Akauliza, akachekwa darasani, akaendelea kuuliza mpaka akampata Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, aliyejaribu mwenyewe, wakachapisha pamoja 1969. Swali lilikuwa halali na bado halali. Anayesema leo "jambo hili limethibitishwa" na anayesema "ni uongo" wote wanakimbia mbele ya data.

JarifeMwambani

Kwenye silikanti usipinge kwa ajili ya kupinga. Dai la kulihoji ni lile la "samaki ambaye hajabadilika tangu enzi za kale." Jenomu yake, yaani orodha nzima ya vinasaba vyake, ilichapishwa 2013: jeni zake za kutengeneza protini hubadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu wenye uti wa mgongo, lakini hubadilika. Inatosha kwa maneno 650. Ukitaka ya pili, iandike kuhusu jarife: nyavu za kina kirefu zinazotegewa papa ndizo huwanasa silikanti, na hifadhi ya bahari ilianzishwa 2009 kwa sababu hiyo. Waulize wavuvi wanatega kina gani kabla hujawahukumu.

KalamuYaPangani

Niongeze ya mezani, ambayo watu huyasahau.

Kichwa cha habari huandikwa na mhariri, si wewe, na watu wengi husoma kichwa peke yake. Omba kwa maandishi uone kichwa kabla hakijaenda mtamboni. "Chanjo yahojiwa" juu ya makala inayosema chanjo ni salama itakuandama miaka yote.

Tenganisha kitendo na nia. Mwaka 2008 Simon Singh aliandika kwenye Guardian kwamba chama cha matabibu wa kunyoosha uti wa mgongo wanatangaza tiba za uongo. Akashtakiwa. Jaji wa mwanzo alilisoma neno lile kama tuhuma kwamba wanajua ni uongo na bado wanatangaza, na hilo ni gumu mno kulithibitisha. Ikachukua mpaka Aprili 2010 mahakama ya rufaa kumrudishia haki ya kujitetea kwamba yalikuwa maoni. Goldacre na gazeti lake nao walishtakiwa na muuza vitamini, Matthias Rath. Shauri liliondolewa 2008 baada ya gazeti kutumia takriban pauni 500,000. Gazeti lako halina fedha hiyo. Andika "hakuna jaribio linaloonyesha kwamba inatibu," usiandike "anawadanganya watu."

Mtumie unayemhoji namba zako siku tatu kabla, ukimwuliza kama umezisoma vibaya. Barua pepe ya mtafiti huwa ukurasa wa kwanza wa ripoti. Asipojibu, sema hivyo kwenye makala. Kwa kila safu fungua faili: ripoti, namba ulizonakili, barua, tarehe.

Masahihisho yawekwe juu ya safu inayofuata, si chini ya matangazo ya vifo. Kubaliana na mhariri sasa hivi kwamba una haki ya kufanya hivyo, na kwamba una haki ya kuandika safu inayosema wataalamu wako sahihi, na kwa nini. Akikataa hilo la pili, usisaini. Na uwe na safu tatu zilizokamilika akibani kabla ya ya kwanza kutoka, maana wiki ambayo huna kitu ndiyo wiki utakayoandika jambo usilolipima.