Mwezi juu ya Kibo: kuunganisha picha bila kusema ni sanaa au utapeli?

MpitaNjia: Wakuu habari za jioni. Ile picha inayozunguka kwenye magrupu mmeiona? Tembo wawili mbele, Kilimanjaro nyuma, halafu mwezi mpevu umekaa juu ya kilele cha Kibo kama sinia. Aliyeitengeneza kasema mwenyewe ni picha tatu, tembo kawapiga siku yao, mlima siku yake, mwezi kautoa kwingine kabisa, kapanga leya juu ya leya kwenye Photoshop. Hongera yake. Ila sasa kuna kampuni ya utalii wameibandika kwenye tangazo lao bila neno hata moja. Mi nasema walazimishwe kuandika kwamba imeunganishwa. Nyie je?

FundiPicha_Tz: Waandike nini, "tembo hawa hawakuwepo"? Hii kazi haijaanza na kompyuta mkuu. Mpiga picha Rejlander huko Uingereza 1857 aliunganisha negativu zaidi ya 30 kwa mkono akatoa picha moja, na Malkia Victoria akainunua. Hata simu yako ukibonyeza mara moja inapiga fremu kadhaa inazichanganya ndo inakupa hiyo unayoposti. Wabongo kwa kudai sheria kwenye vitu msivyovijua hamjambo.

BintiMarangu: Punguza hayo ya "Wabongo", utadhani umezaliwa Paris. Simu inachanganya kitu kilekile sekunde ileile, haikuletei tembo wa wiki iliyopita. Na mimi nimekulia chini ya huo mlima, mwezi mkubwa vile sijawahi kuuona.

LenziNdefu: Ukubwa sio hoja dada. Rudi nyuma kilomita nyingi, funga lenzi ya mm 600 ya kuvuta mbali, mwezi utatoka mkubwa kweli nyuma ya mlima bila ujanja wowote. Hoja ni upande. Ile sura ya Kibo ni ya kutokea Amboseli, na Amboseli iko kaskazini ya mlima, kwahiyo mpigaji anatazama kusini. Mwezi unachomoza mashariki unazama magharibi, na huku kwetu karibu na ikweta ukishafika upande wa kusini unakuwa juu mno, hauwezi hata siku moja kukalia kilele. Hata asingekiri, dira ilishamuumbua.

KijanaWaRombo: Subiri kwanza. Yaani tangazo la kupandisha watu mlima wa TANZANIA picha imepigwa KENYA?? Na hakuna anayeshtuka?

Nganya_254: Haya, imeanza 😂 Na ingepigwa wapi boss, si huku ndio mlima unaonekana poa na ndovu wako hapo hapo. Nyinyi mko na mlima, sisi tuko na view. Tulieni.

KijanaWaRombo: View ya kitu cha jirani. Na mnavyoiuza sasa, mzungu anashuka Nairobi anauliza Kilimanjaro iko mtaa gani.

Nganya_254: Na anapelekwa anauona, shida iko wapi? Alafu huo mlima ulikuwa wetu, Queen Victoria alimpa mjukuu wake Kaiser, mfalme wa Ujerumani, kama zawadi ya birthday, someni history.

Mzee wa Makabrasha: Kijana hiyo hadithi wanasimuliwa watalii kwenye gari ili safari isiwe ndefu. Mpaka walikubaliana Waingereza na Wajerumani 1886, mstari ukazunguka chini ya mlima upande wa kaskazini. Huyo mjukuu unayemsema alikuwa hata hajawa Kaiser, alikalia kiti 1888.

Nganya_254: Sawa mwalimu, lakini laini imepinda ama haijapinda?

MamaKulwa: Jamani mmeenda mbali. Mimi kwenye harusi ya mdogo wangu tulimwomba mpiga picha amuweke marehemu baba kwenye picha ya familia, akamtoa kwenye picha ya zamani akamsimamisha pembeni ya mama, mwanga kaulinganisha vizuri huwezi kujua. Mama kaitundika sebuleni. Sasa na hapo tuandike "imeunganishwa"?

Ustaadhi Mkavu: Marehemu kwenye picha ya harusi, huo si uchuro?

MamaKulwa: Uchuro ni wewe kuingia kwenye msiba wa watu na mdomo wazi. Hujaombwa ushauri.

Ustaadhi Mkavu: Nimeuliza tu dada mbona povu.

FundiPicha_Tz: Mwacheni MamaKulwa. Hizo ndo kazi zinazotulisha, na hakuna mteja kati ya hao aliyewahi kulalamika.

MpitaNjia: MamaKulwa pole, ya kwako ni ya nyumbani na wote mnajua. Mi naongelea ya kuwaonyesha watu wasiojua. 2003 mpiga picha wa Los Angeles Times kule Basra, Iraq, aliunganisha picha mbili za askari wa Kiingereza na raia ili ipendeze, ikatoka ukurasa wa mbele, watu wakaja kugundua kuna raia huko nyuma wanajirudia, jamaa akafukuzwa kazi.

FundiPicha_Tz: Lile ni gazeti, hili ni tangazo. Hata baga ya kwenye bango umewahi kupewa ikiwa vile? Na jarida la National Geographic wenyewe walisogeza piramidi kwenye picha miaka ya tisini, dunia haikuisha.

Mzee wa Makabrasha: Ni 1982, jalada la Februari. Na walisemwa miaka na miaka.

MgumuWaMachame: Naona mnaongea mwezi tu, hiyo theluji je? Kwenye picha imeshuka mpaka mabegani. Barafu ya kule juu imepungua zaidi ya 80% tangu 1912, na theluji mpya ikianguka mara nyingi haikai. Mgeni akifika juu anatuuliza sisi "iko wapi?", aliyetengeneza tangazo hayupo, mwenye kampuni hayupo, nipo mimi na mzigo kichwani, na tipu ndo inapungulia hapo.

KijanaWaRombo: Mwambie akaulize Nairobi.

BintiMarangu: Wewe Rombo hebu pumzika, mtu kaongea la maana.

LenziNdefu: Anayetaka mwezi wa kweli juu ya Kibo aende upande wa Siha, pale unatazama mashariki. Mwezi mpevu wa Machi au Septemba jioni, unachagua pa kusimama, unausubiri utokee nyuma ya kilele. Picha moja, hakuna leya.

Nganya_254: Na Tsavo West, mashariki ya mlima? Asubuhi mapema ukizama si unapita nyuma ya mlima pia?

LenziNdefu: Inawezekana, ila kutokea huko Mawenzi, kile kilele kingine, iko mbele, inaziba Kibo.

KijanaWaRombo: Ahsante Mawenzi 🇹🇿

Nganya_254: Tutaitoa na Photoshop.