Kugawana gharama za nyumbani na mwenzi wakati mmoja wenu ametangazwa mufilisi

Mwanzisha mada

Heshima kwenu nyote. Miezi miwili iliyopita mahakama ilinitangaza kuwa mufilisi baada ya biashara yangu kushindwa kulipa madeni yake, na sasa nategemea ajira ambayo mshahara wake ni mdogo kuliko wa mume wangu. Kwa miaka yote ya ndoa yetu tumegawana kila kitu nusu kwa nusu, kuanzia kodi ya nyumba, umeme na maji hadi mahitaji ya watoto, na nilijivunia kwamba sikuwahi kuwa mzigo kwake. Msimamizi wa ufilisi amenipa fomu ya mapato na matumizi ya kaya. Juzi usiku tuliketi nayo mezani tukaijaza bila tatizo, mpaka tulipofika kwenye kisanduku kinachouliza kipato cha mwenzi. Hapo mume wangu aliweka kalamu chini, akasema kwamba deni si lake na kwamba mshahara wake hauwahusu wadai wangu, kisha akaenda kulala. Kisanduku hicho bado kiko wazi.

Naomba kuelimishwa: je, kipato chake kinaweza kuchukuliwa kulipa madeni yangu? Na je, niendelee kulipa nusu kama zamani? Ningependa iwe hivyo, kwa sababu ndilo jambo pekee lililobaki linalonifanya nijione bado nina sauti ndani ya nyumba hii, lakini nikishalipa nusu hiyo sibaki hata na nauli ya kunifikisha mwisho wa mwezi.

Mtunza Hesabu

Pole sana, dada. Nianze na hofu ya mumeo, maana ina msingi lakini imeelekezwa pasipo. Ufilisi ni wa mtu mmoja, na kwa kawaida mshahara wa mwenzi ambaye hakukopa wala hakudhamini haukatwi kulipa madeni ya mwenzake. Kinachotafutwa kwenye kisanduku hicho ni uwiano: msimamizi anataka kujua ni sehemu gani ya gharama za nyumba inakuangukia wewe kwa haki, ili aone kama baada ya mahitaji yako ya lazima kuna ziada inayopaswa kwenda kwa wadai. Mumeo akikataa kabisa kutaja kipato chake, msimamizi anaweza kukadiria mwenyewe, na makadirio ya mtu asiyeijua nyumba yenu yanaweza kuwaumiza ninyi wote wawili.

Kuhusu nusu kwa nusu, hebu tupige hesabu. Chukua kwamba mapato yenu ya mwezi yakiunganishwa ni sehemu 10, wewe unaleta 3 naye analeta 7, na kwamba gharama za nyumba zinakula sehemu 5. Ukilipa nusu, unatoa 2.5 katika 3 zako na kubakiwa na nusu sehemu ya nauli, simu, dawa na nguo, huku yeye akibakiwa na 4.5. Mkigawana kwa uwiano wa mapato, wewe unatoa 1.5 naye anatoa 3.5, na kila mmoja anabaki na nusu ya alichopata. Huo ndio mgawanyo ambao msimamizi atauelewa bila maelezo marefu.

Ni lazima niseme pia jambo ambalo wengi hulikwepa. Ukilipa kidogo nyumbani, ziada yako kwenye karatasi huongezeka, na ziada hiyo inaweza kudaiwa. Kwa sababu hiyo wapo wanaoshawishika kuandika kwamba wao ndio wanaolipa kila kitu, ilhali mwenzi ana mshahara mzuri. Usithubutu. Ile fomu unaitia sahihi ukithibitisha kwamba ni ya kweli, na msimamizi ana uwezo wa kuomba taarifa za benki. Vilevile, usiweke kwenye orodha ya kaya mambo ambayo ni ya mumeo peke yake, kama mkopo wake binafsi. Gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka zigawe kwa 12 na uziandike, kwa kuwa hizo ndizo husahaulika na baadaye kuivuruga bajeti nzima.

Mume wa Mufilisi

Dada yangu, mimi nilikuwa upande wa mumeo. Mke wangu alipofilisika nilikataa kutaja mshahara wangu kwa maneno yaleyale, na ninavyokumbuka, sikuwa nawaogopa wadai hata kidogo. Niliona aibu kwamba mtu nisiyemjua ataisoma nyumba yangu kwa tarakimu. Kilichonilegeza ni kumkuta mke wangu jikoni, taa imezimwa, akizipanga risiti kwa mwanga wa simu ili nisijue kwamba anatafuta mahali pa kupunguza kwenye matumizi yake mwenyewe. Nililala na picha ile, na asubuhi nilimpa hati yangu ya mshahara.

Nakusihi pia usipuuze suala la akaunti. Sisi tulikuwa na akaunti ya pamoja, na benki ilipopata taarifa ya ufilisi ikaifunga kwa muda pamoja na mshahara wangu uliokuwa umeingia siku mbili kabla, hata tukaishi kwa kukopa kwa ndugu. Kila mmoja awe na akaunti yake. Bili ziwe kwa jina la mumeo, na wewe umtumie sehemu yako tarehe ileile kila mwezi ukiandika kwamba ni mchango wa nyumba. Fedha zake zisipitie kwenye akaunti yako hata kwa siku moja, kwa kuwa zikiwa kwako zitahesabiwa kuwa zako hadi uthibitishe vinginevyo.

Msomaji wa Sheria

Nyongeza fupi tu: sheria hutofautiana, kwa hiyo muulize msimamizi wako utaratibu wa huko uliko. Uingereza, kwa mfano, mtu huachiliwa kutoka kwenye ufilisi kwa kawaida baada ya miezi 12, lakini makubaliano ya kutoa sehemu ya kipato yanaweza kuendelea hadi miaka 3. Australia ufilisi hudumu miaka 3 na siku 1, na anayepata zaidi ya kiwango kilichowekwa hutoa nusu ya kinachozidi. Kanada nao huangalia mapato ya familia nzima wanapopima ziada, na huko mwenzi akificha kipato chake hesabu haikamiliki.

Mwanzisha mada

Nawashukuru kwa dhati. Nilimsomea mume wangu majibu haya, na nilipofika kwenye habari ya risiti aliniomba nisimame kidogo. Kisanduku amekijaza mwenyewe. Tumekubaliana nilipe theluthi, na karatasi ya mgawanyo tumeitia sahihi sote. Limebaki moja: tuna mkopo tulioutia sahihi pamoja kununua vyombo vya ndani, na yeye anaamini atadaiwa nusu tu. Je, ni kweli?

Mtunza Hesabu

Kwa bahati mbaya, mara nyingi si kweli. Katika mikopo mingi ya pamoja kila aliyetia sahihi anawajibika kwa deni lote, kwa hiyo ufilisi wako unaweza kumfanya mkopeshaji amgeukie mumeo kwa salio zima. Usomeni mkataba usiku wa leo, na mumeo awaandikie wakopeshaji mapema kuomba marejesho anayoyamudu, kabla awamu ya kwanza haijapita. Malipo hayo yaandikwe kwenye fomu kama deni lake, si kama gharama ya kaya. Wala msihamishe vyombo hivyo kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu msimamizi anaweza kuomba uhamisho wa namna hiyo ubatilishwe.