Kazi za chuo zimenilemea na akili haiko sawa, nianzie wapi?

Kiti cha Nyuma

Wakuu, salaam. Naandika saa hizi kwa sababu usingizi umenikimbia. Niko mwaka wa tatu. Nina ripoti ya maabara ambayo tarehe yake ishapita, insha ya kukabidhi Ijumaa, na sura ya kwanza ya utafiti ambayo msimamizi ameiulizia tena na tena. Barua pepe zake sijazifungua. Nikiona jina lake kwenye simu moyo unaenda mbio, nafunika simu.

Mwanzoni nilidhani ni uvivu. Nafungua kompyuta asubuhi, naandika kichwa cha insha, nakifuta, nakiandika tena vilevile. Giza linaingia ukurasa bado mtupu. Chakula hakipiti. Marafiki nimewaambia nimebanwa na kazi, wakaniacha. Na kuna jambo sijamwambia mtu: usiku inanijia natamani nilale nisiamke. Sina mpango wa kujidhuru, ila mawazo hayo yananitisha.

Naomba kujua: nimwandikie nini mhadhiri asione natafuta visingizio? Nikienda kwa mnasihi wa chuo, idara itajua? Kuna aliyewahi kuahirisha muhula akarudi akamaliza?

Nesi wa Zamu

Pole sana, ndugu yangu. Umefanya vyema kulisema hilo la usiku, na tuanze nalo. Insha itasubiri.

Nakuuliza waziwazi: usiku huu unafikiria kujiua? Upo peke yako? Wanaosoma wasishtuke. Watu huogopa kuuliza wakidhani wanampa mtu wazo, lakini Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kumuuliza hakumsukumi kufanya hivyo, na wengi hupumua wakishaulizwa. Mawazo yakianza kuwa na namna na wakati, au ukihisi huwezi kujizuia, hiyo ni dharura kama kubanwa kifua. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu au piga namba ya dharura ya hapo ulipo, saa hiyohiyo, usingoje kukuche.

Kiti cha Nyuma

Hapana, ni yale ya kutamani nisiamke tu. Mwenzangu wa chumba yupo, amelala. Asante kwa kuuliza.

Nesi wa Zamu

Mwamshe. Mwambie hivi: "Siko sawa, nina mawazo mabaya, naomba usiniache peke yangu na asubuhi unisindikize zahanati." Huna haja ya kueleza zaidi.

Huko zahanati huenda ukapewa dodoso la maswali 9 la kupima sonona, yaani depression, wanaliita PHQ-9. Linauliza kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, nguvu, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo, na swali la mwisho ni hilohilo la kuona heri ufe. Lijibu kweli, usijipunguzie. Sonona haipimwi kwa siku moja mbaya. Daktari anaangalia dalili zilizokukaa siku nyingi, kwa angalau wiki 2, zikaharibu shughuli zako. Akikuandikia dawa ujue huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu zake, kwa hiyo usizikatishe mwenyewe ukiona kimya. Wengine hupata nafuu kwa mazungumzo na mtaalamu bila dawa.

Kabla hujatoka, omba barua. Itaje tarehe dalili zilipoanza na kwamba haziruhusu kazi za darasani. Si lazima itaje ugonjwa.

Jembe Halilali

Mkuu, chuo ni msoto, wote tumepita humo. Zima simu, piga kahawa, kesha siku mbili, kazi zinaisha. Ukianza habari za barua na vyeti utajizoesha.

Dada Mkubwa

Jembe, mtu kasema halali, wewe unamwambia akeshe! Kahawa ya saa kumi jioni, karibu nusu ya nguvu yake bado iko mwilini saa tatu usiku. Kwa mtu ambaye moyo unamwenda mbio kwa kuona jina tu kwenye simu, hiyo ni kuongeza kuni. Pombe nayo mdogo wangu usiiguse kwa kutafuta usingizi. Unalala mapema halafu inakuamsha usiku wa manane.

Chaki Nyeupe

Mimi nafundisha chuo, nitajibu hilo la barua. Wanafunzi wengi hudhani tunataka hadithi ya maisha yao, ndiyo maana barua zinakaa wiki nzima bila kutumwa. Mimi nataka kujua wewe ni nani, kazi ni ipi, unaomba nini hadi lini, na uthibitisho unakuja lini. Basi. Andika hivi:

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni (jina, namba ya usajili), somo lako la (jina la somo). Ninaumwa na naanza matibabu wiki hii, hivyo sitaweza kukabidhi insha Ijumaa. Naomba niongezewe wiki moja. Barua ya daktari nitaituma nikiipata. Kama kuna fomu ya kujaza, naomba unielekeze. Ahsante."

Usiombe radhi mara tano. Usitaje mawazo ya usiku kama hutaki, "ninaumwa" inatosha na ni kweli. Na itume kabla ya Ijumaa. Katika vyuo vingi ombi lililofika kabla ya tarehe ni jambo la mimi na wewe. Likija baada ya tarehe, alama zinakatwa kwa kila siku ya kuchelewa, na mara nyingi sina tena mamlaka, linapelekwa kwenye kamati.

Kwa msimamizi, usianze kusoma zile za zamani. Utazama humo. Andika mpya, mistari miwili: unaumwa, unatibiwa, unaomba muonane. Mwanafunzi akinyamaza sisi hatujui kama anaumwa, amesafiri au ameacha chuo.

Ripoti iliyopitwa angalia ina alama ngapi. Kama ni asilimia 10 ya somo na insha ni 40, kabidhi ulichonacho hata kama ni jedwali na aya mbili, kisha ifute kichwani. Kazi nusu inaweza kupata alama kadhaa, isiyoletwa haipati kitu.

Wako wenzangu wenye roho ngumu, siwatetei. Ukijibiwa vibaya usibishane, peleka barua ya daktari ofisi ya mlezi wa wanafunzi.

Mwaka wa Nne Tena

Mimi niliahirisha, nikarudi, nikamaliza. Kabla hujasaini fomu yoyote uliza, na ujibiwe kwa maandishi: alama za muhula uliopita zinabaki? Mkopo au ufadhili unasimama au unafutwa? Chumba cha bweni je? Unatakiwa kutoa taarifa ya kurudi lini? Kama unasoma nchi ya kigeni, ulizia viza kwanza kabisa, maana kusimamisha masomo kunaweza kuigusa. Hayo hakuna atakayekueleza usipouliza.

Lililonisumbua mimi ni zile siku tupu nyumbani, bila ratiba. Nilipona kidogokidogo nilipopanga jambo moja la asubuhi na moja la jioni. Kurudi darasani na wadogo ni aibu ya siku chache, inaisha.

Lakini uamuzi huo usiufanye wiki hii. Hujalala, hujala. Omba muda wa hizo kazi kwanza, kuahirisha kutakuwepo hata mwezi ujao.

Kuhusu mnasihi: unayomwambia yanabaki kwake, isipokuwa akiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini. Idara huona barua, haioni mazungumzo. Siku ya kwanza muulize kabisa, "kumbukumbu zangu anaziona nani?" Ana wajibu wa kukujibu.

Jembe Halilali

Na kama mnasihi ana foleni ya wiki tatu? Kwetu ndivyo ilivyokuwa.

Nesi wa Zamu

Swali zuri. Pale mapokezi usiseme "nina msongo wa mawazo", kila anayeingia anasema hivyo. Sema "nina mawazo ya kutaka kufa". Maneno hayo yanapaswa kubadilisha foleni. Yasipoibadilisha, daktari wa kawaida anaweza kukuanzishia matibabu na kukuandikia rufaa. Huhitaji kumsubiri mnasihi.

Kiti cha Nyuma

Wakuu, mrejesho. Nilimwamsha. Alikaa kitandani kwangu hadi kumekucha, asubuhi tukaenda wote. Daktari alinisikiliza bila haraka, nimepewa barua na siku ya kurudi, na mnasihi namwona wiki ijayo. Insha nimeongezewa wiki. Msimamizi kajibu: "Pole. Njoo na ulichonacho, hata nusu ukurasa." Wa maabara bado kimya, nimekabidhi jedwali na aya mbili kama Chaki alivyosema. Usingizi bado wa kuokoteza.

Kilichobaki ni nyumbani. Wanajua nasoma tu. Niwaambieje?

Dada Mkubwa

Nimefurahi mno, mdogo wangu, na huyo mwenzako wa chumba Mungu amjalie. Nyumbani usiwaambie wote kwa mkupuo. Chagua mmoja asiyepaniki, mpigie, usimwandikie, maana maandishi ya namna hii mtu huyasoma kwa sauti ya hofu yake. Anza na mwisho: "Nimeshamwona daktari, natibiwa." Halafu ndiyo useme ulikuwa unaumwa nini. Akiuliza akusaidieje mpe kazi: akupigie kila jioni, asiulizie masomo. Huyo ndiye atakayewaambia wengine, na simu ya kwanza mpigie mchana baada ya kula, si usiku.