Kozi za vyuo vikuu za bure mtandaoni: nianzie wapi nikiwa Tandahimba?

Karani wa Mizani (Tandahimba)

Habari za jioni wakubwa zangu na wenzangu. Nilimaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), alama zikatosha kwenda chuo lakini ada haikupatikana, na kwa misimu mitatu sasa nimekuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika. Korosho zikianza kushuka mwezi wa kumi sina hata nafasi ya kukaa, lakini minada ikiisha hubaki na miezi mingi ya utulivu, ambayo ningependa kuitumia kujifunza takwimu na, ikiwezekana, uandishi wa programu za kompyuta. Mwaka jana nilijiandikisha kozi sita kwa siku moja. Sikumaliza hata moja, na mbili kati ya hizo ziliponifikisha kwenye zoezi la kwanza la kusahihishwa zilinitaka nilipie. Naomba kuelekezwa: ni zipi zilizo za bure kweli, na je, cheti chake kina uzito wowote nikienda kuomba kazi au chuo? Nina kompyuta mpakato ya zamani, na bando nalinunua kwa kujibana.

Mwalimu wa Hisabati (Masasi)

Mdogo wangu, karibu. Kilichokukwamisha ni kwamba neno "bure" halitumiki kwa maana moja kila mahali. Tovuti za kozi za Coursera na edX, zote zilizoanza mwaka 2012, kwa kozi nyingi hukuruhusu kusikiliza mihadhara, yote au sehemu yake tu, bila malipo, kisha hutoza fedha kwa ajili ya cheti na mara nyingi kwa kusahihishiwa kazi, ingawa Coursera ina utaratibu wa kuomba msaada wa ada kwa kuandika maelezo ya hali yako. Chuo cha MIT cha Marekani kilichukua njia nyingine. Mwaka 2001 kilitangaza kwamba kitaweka wazi vifaa vya kufundishia vya masomo yake, na leo MIT OpenCourseWare ina zaidi ya kozi 2,500 ambazo huhitaji hata kujiandikisha ili kuzisoma. Ila hapo hakuna mwalimu wa kukusahihishia wala cheti, na mtu asiyeyajua hayo mapema hukata tamaa haraka.

Mimi mwenyewe nilianza kama wewe, kozi nne kwa mpigo, zikanishinda zote. Nilipofanikiwa nilikuwa na moja tu: aljebra ya mstari ya Profesa Gilbert Strang, yenye namba 18.06. Mihadhara yake ilirekodiwa mwaka 1999, ni chaki na ubao, na hukosi kitu ukiitazama kwa ubora wa chini. Katika mhadhara wa kwanza anachukua milinganyo miwili, 2x − y = 0 na −x + 2y = 3. Sisi walimu humfundisha mwanafunzi kuchora mistari miwili na kutafuta inapokatana, yaani pale x ni 1 na y ni 2. Yeye anafanya hivyo, kisha anageuza swali: anachukua safu wima za namba zinazozidisha x na y, yaani (2, −1) na (−1, 2), anauliza ni kiasi gani cha kila moja kichanganywe ili kupata (0, 3). Jibu ni lilelile, moja ya kwanza na mbili za pili, lakini nilikuwa nimefundisha milinganyo hiyo kwa miaka tisa bila kuiona kwa jicho hilo. Nilisimamisha video nikatoka nje kupunga upepo.

Kwa takwimu, tafuta kozi ya MIT namba 18.05 ya mwaka 2014. Imejengwa juu ya maandishi zaidi kuliko video, mazoezi yana majibu yake, na hutumia programu ya R ambayo nayo ni ya bure. Fanya zoezi kwa kalamu kabla ya kufungua jibu; ukianza kuchungulia, hutajifunza kitu.

Fundi wa Mitandao (Lindi)

Naunga mkono hoja ya Mwalimu, niongeze upande wa bando. Kozi nyingi za MIT zina kitufe cha kupakua vifaa vyote kwa pamoja, isipokuwa video, na unaweza kuvisoma shambani kusiko na mtandao. Mimi hupakua usiku wa manane kwa kifurushi cha usiku, nikiamka asubuhi kazi imekwisha.

Kwa upande wa programu, CS50, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Harvard inayofundishwa na David Malan, huanza na Scratch, lugha rahisi ya wanaoanza, ikapita kwenye lugha ya C, kisha Python, na SQL ya hifadhidata. Ukiifuata kwenye tovuti ya kozi yenyewe na ukawasilisha mazoezi yote pamoja na mradi wa mwisho, unapata cheti bila kulipa; chenye malipo ni kile cha edX. Tahadhari: mazoezi yake hufanyika katika kihariri cha mtandaoni, kwa hiyo hapo kupakua usiku hakutakuokoa.

Kuhusu kozi sita ulizoziacha, usijione peke yako, kaka. Mwaka 2011 kozi ya bure ya mtandaoni ya akili bandia ya Sebastian Thrun na Peter Norvig iliandikisha watu wapatao 160,000, na wengi wao hawakufika mwisho.

Mama Shangani (Mtwara)

Mwanangu, wenzangu wamekwepa swali la cheti. Nimekaa kwenye meza za usaili mara kadhaa, na nasema wazi kwamba cheti cha kozi fupi ya mtandaoni si shahada wala stashahada, hata kikiwa na jina la Harvard. Pale tangazo la kazi linapotaka shahada, hakitakuvusha. Ikiwa lengo lako ni shahada, nenda kaulize katika kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hapa Mtwara. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 kwa ajili ya watu wanaosoma huku wakifanya kazi, na kozi hizi za bure zitakusaidia kuingia ukiwa umejiandaa.

Kinachomvuta msaili ni kazi anayoweza kuiona. Wewe una kumbukumbu za mizani za misimu mitatu. Uchambue upokeaji wa korosho kwa wiki, uonyeshe ni lini ghala hufurika, kisha mpelekee katibu wa chama chako karatasi mbili. Omba ruhusa kwanza na uondoe majina ya wakulima, maana kilo za mtu ni siri yake.

Karani wa Mizani (Tandahimba)

Shikamoo mama, na asanteni nyote. Nimefuta zile sita. Nitaanza na 18.05 peke yake, CS50 isubiri. Mwalimu, naona wanadai mtu awe anajua kalkulasi. Je, ile ya kidato cha sita inatosha?

Mwalimu wa Hisabati (Masasi)

Inatosha kuanzia. Rudia integresheni kwa wiki mbili kwanza, kwa sababu utaikuta kwenye migawanyo endelevu ya uwezekano, yaani ya vitu vinavyopimwa kama uzito. Kama daftari lako limeliwa na mchwa, nijulishe; Jumamosi ijayo nina safari ya Newala, nitasogea hadi hapo Tandahimba nikuletee langu.