Naomba ushauri: nadharia za harakati za kijamii zinanichanganya

Wakuu, habari zenu. Nasoma sosholojia mwaka wa kwanza na tumefika kwenye mabadiliko ya kijamii. Aina za harakati nimezielewa vizuri. Ninapokwama ni kueleza kwa nini watu huinuka wakati fulani na si mwingine.

Chukueni mgomo wa mabasi wa Montgomery, Marekani, ambapo watu weusi walikataa kupanda mabasi ya mji kwa sababu ya ubaguzi; ulianza Desemba 1955 na kudumu siku 381. Nadharia ya unyimwaji linganishi inasema watu huchukua hatua wanapoona wanapata pungufu ya wanachostahili. Sawa, lakini ubaguzi kwenye mabasi yale ulikuwepo miaka mingi kabla Rosa Parks, mwanamke mweusi, hajakataa kumpisha mzungu kiti. Nadharia ya uhamasishaji wa rasilimali, waliyoieleza wanasosholojia McCarthy na Zald mwaka 1977, inatazama nyenzo za kujipanga: makanisa, michango, na magari yaliyopangwa kuwapeleka watu kazini. Mimi naiona ina nguvu zaidi, ila inaiweka hasira ya watu pembeni, na hasira ile ilikuwa ya kweli kabisa.

Je, kwenye insha naweza kuziunganisha zote mbili, au mhadhiri ataona nakwepa kuchukua msimamo? Na mliokwisha kusoma mada hii, mlichambua mfano mmoja kwa kina au mlilinganisha kadhaa?