Tupeane uzoefu: wewe uliyeambiwa mayai yamebaki machache, ilikuwaje?

Binti Makorora
Habari zenu wapendwa. Leo mdogo wangu kanipigia simu analia, ana miaka 34, kapima AMH, kile kipimo cha damu cha kukadiria akiba ya mayai ya uzazi, kaambiwa mayai yamebaki machache afanye haraka. Imenirudisha mbali sana. Waliopitia njooni tuelezane, mlifanyaje, mlipata au hamkupata, msifiche.

Nyota ya Alfajiri
Niko hapa. Siku niliyoambiwa nilipitiliza kituo changu nikashtuka niko mwisho wa gari.

Mzee Kijana
Si hizo P2 na vijiti mnavyoweka? Mtu anatumia uzazi wa mpango miaka 10, akitaka mtoto anakuta mayai yameisha.

Nesi Mstaafu
Hapana kaka, usiwatishe watu. Mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote, milioni 1 mpaka 2, akivunja ungo yamebaki kama laki 3 au 4, yanakufa yenyewe utumie vidonge usitumie. Kila mwezi linaanza kukua kundi, moja ndo linapevuka mengine yanakufa. Kidonge kinalizuia hilo moja lisipevuke likatoka, basi, hakimalizi akiba. Na AMH inaonyesha wingi tu, haisemi yai zima au bovu. Wapo wenye AMH ndogo wanashika mimba kwao bila dawa yoyote. Binti mwambie mdogo wako namba moja isimlize.

Mama Subira
Sikutaka kuandika ila hiyo ya simu imenigusa. Mimi mirija yote miwili imeziba, tukauza kiwanja cha Chanika tufanye IVF, ile ya kuvuna mayai na kuyakutanisha na mbegu maabara. Zile sindano za kukuza mayai unajichoma mwenyewe tumboni kila jioni na dawa inakaa kwenye friji, basi jioni moja umeme ukakatika mtaa mzima giza, saa zinaenda haurudi, mume wangu akapanda boda kutafuta barafu akaipata kwa mama anayeuza juisi, mimi niko sakafuni nazifunga dawa kwenye taulo ndani ya kidumu cha barafu maana zikipata joto zimeharibika na zikiganda pia zimeharibika, naiona hela ya kiwanja inaondoka. Zikapona alhamdulillah. Sindano ya mwisho ndo ina masharti, unachoma usiku saa ileile uliyoambiwa, mayai yanavunwa kama saa 36 baadaye, ukikosea saa mnaweza kukuta yameshatoka. Wakavuna 6. Nilifurahi kama nimeshazaa. Kesho yake asubuhi maabara wanapiga simu, nachambua mchele, wananiambia yaliyopevuka yalikuwa 4 na hakuna hata moja lililorutubika. Mume wangu anauliza nani huyo, nikasema watu wa mtandao wa simu, nikaendelea kuchambua mchele. Nilishindwa kulitamka. Kinachoniuma mpaka leo, pale hospitali hakuna aliyetukalisha mapema akatuambia kwamba yai linaweza kuvunwa zima na lisirutubike.

Nyota ya Alfajiri
Pole mamy. Nimelia ofisini.

Chausiku
Usituachie hapo jamani, ikawaje??

Mtu wa Pwani
Kiwanja kizima! Huku kwetu angepewa supu ya pweza na mbegu za maboga, mwezi tu mayai yanajaa.

Nesi Mstaafu
Pweza mle, ni chakula kizuri. Yai jipya halitengenezi. Na hao wanaouza dawa za kusafisha kizazi nawaomba muwakimbie, mirija ikiziba haifunguki kwa chai ya mizizi.

Mtu wa Pwani
Wazee wetu walizaa 12 bila AMH.

Baba Mvumilivu
Wanaume wenzangu na sisi twende. Mke wangu kazungushwa, kapigwa ile picha ya mirija inayouma, mimi kipimo changu kikopo na chumba tu, na mbegu zangu ndo zikaonekana chache. Karibu nusu ya kesi na mwanaume anahusika. Mzee Kijana umepima?

Mzee Kijana
Nina watoto 3 nipime nini.

Chausiku
Mama Subira tunakusubiri.

Kipusa
Mbona yai la kupewa lipo? Safina Namukwaya wa Uganda kajifungua mapacha Kampala Novemba 2023 ana miaka 70, kwa yai la mwanamke mwingine.

Mzee Kijana
Hao ni watoto wa mwenye yai.

Kipusa
Na aliyebeba tumbo, akapasuliwa, ni jirani?

Ustadhi Mdogo
Kwetu Waislamu wa Sunni wanazuoni wengi hawaruhusu yai la mwingine. Ila yai la mke na mbegu ya mume ndani ya ndoa, IVF wameiruhusu. Mtu asikatae matibabu kwa kudhani yote haramu.

Mama Subira
Nimerudi. Mara ya pili walitumia ile njia ya kuchukua mbegu moja na kuichoma ndani ya yai kwa kisindano. Yakarutubika 3. Moja likapandikizwa, likashika, likatoka wiki ya nane. Mawili yamegandishwa, tunatafuta hela turudi. Sijakata tamaa.

Chausiku
Mungu akutangulie dada yangu. Tuko na wewe.

Nyota ya Alfajiri
Amina. Na kwa ambao mirija ni mizima, mkutane siku ya 14.

Kipusa
Ya 14 ni ya mzunguko wa siku 28. Mimi wangu 35, langu linatoka kama siku ya 21. Na yai likitoka linaishi saa 12 mpaka 24 tu, mbegu ndo zinaweza kusubiri mpaka siku 5, kwa hiyo mtangulie msingoje siku yenyewe.

Binti Makorora
Asanteni sana, nampeleka kwa daktari mwingine wiki ijayo. Nesi, AMH anarudia siku gani ya mzunguko?

Nesi Mstaafu
AMH siku yoyote. FSH, kipimo cha homoni inayokuza mayai, ndo siku ya 2 au ya 3 ya hedhi. Aombe na ultrasaundi wahesabu vifuko vya mayai, na mumewe aende naye siku hiyohiyo.